Mkonge uko mlangoni, plastiki iko karoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya vyombo vya jikoni na vifaa vya kuvisafishia, ambavyo siku hizi vinauzwa kwa sifa ya kuwa "rafiki wa mazingira". Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, naishi Muheza mkoani Tanga, na kwa miaka mingi nimewafundisha wasichana, na mwishoni wavulana pia, namna ya kuosha sufuria. Kwa hiyo jambo ambalo kwa wengine ni dogo, kwangu ndilo lililonipa riziki.

Mwezi uliopita niliingia duka moja kubwa mjini Tanga kutafuta brashi ya vyombo. Mwuzaji, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, chukua hii, hii ni rafiki wa mazingira." Ilikuwa na mpini wa mwanzi, imefungwa ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka bila mkasi, imetoka ng'ambo, bei yake shilingi 12,000, na nywele zake, nilipozichungulia vizuri, zilikuwa nailoni tupu. Nikamuuliza, "Mwanangu, na hizi nywele nazo ni mwanzi?" Akacheka, akasema yeye anasoma tu yaliyoandikwa. Nikamshukuru, nikairudisha mahali pake. Bei haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba basi lililonileta kutoka Muheza lilikuwa limepita kando ya mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yakachoka kuifuata, nami nimefika mjini kuuziwa nailoni yenye mpini wa mwanzi.

Mkonge una historia ambayo vijana wetu wengi hawasimuliwi. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanga mwaka 1893, kwa miche iliyoagizwa kutoka Florida, na kati ya miche hiyo ikasalimika 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya nchi hii iongoze duniani kwa mkonge, hata mwaka 1964 uzalishaji ukafika tani zipatazo 230,000. Wazee wa Tanga wanakijua kilichofuata. Yako mengi yaliyoangusha zao hilo, lakini mojawapo kubwa lilikuwa kamba ya plastiki, iliyokuja kwa bei ya kutupa na kuiondoa sokoni kamba ya katani, yaani ya nyuzi za mkonge. Ninaposimama karoni na kuona sponji la njano lenye mgongo wa kijani, huwa nasema moyoni kwamba mshindani wetu hakutosheka kutushinda bandarini, amekuja kukaa na sisi jikoni.

Wanafunzi wangu wa zamani huniuliza kifaa gani cha jikoni ni salama kwa mazingira, wakitarajia niwatajie jina la kampuni. Mimi huwapeleka nyuma ya nyumba. Kwetu, na kwa Watanzania wengi wasiofikiwa na gari la taka, mwisho wa kila kitu ni shimo lililochimbwa karibu na migomba. Taka zikijaa huchomwa moto, na majivu hufukiwa. Kwa hiyo maandishi yanayosema kwamba kifaa "kinaweza kurejelezwa" hayana maana kubwa kwa mtu ambaye hana anayekuja kukikusanya. Vivyo hivyo sahani na vijiko vinavyoitwa vya plastiki ya mahindi: vinaoza, ni kweli, lakini vinaoza katika mitambo maalumu yenye joto la nyuzi 60 hivi, joto ambalo shimo la Muheza haliwezi kulishikilia kwa majuma kadhaa. Mfuko uliochukua nafasi ya rambo, yaani mfuko mwembamba wa plastiki, baada ya marufuku ya tarehe 1 Juni 2019, ule unaofanana na kitambaa, nao ni plastiki. Uzuri wake ni kwamba unatumika mara nyingi, na anayeutumia mara moja akautupa hajabadilisha kitu. Swali langu kwa kila kifaa kabla ya kufungua pochi ni hili: kitakapochakaa na kuingia shimoni, mvua mbili za masika zitakikuta kama nini?

Kwa swali hilo, nyuzi tatu za pwani yetu hazina mshindani.

Ya kwanza ni katani yenyewe. Katani ndefu iliyonyooka huenda kusokotwa na kusafirishwa, lakini mashineni hubaki katani fupi, iliyokatikakatika, ambayo thamani yake ni ndogo. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Loweka usiku kucha, suuza mpaka maji yawe meupe, kwa sababu mabaki ya utomvu wa jani la mkonge huwasha ngozi, kisha anika. Chukua fungu lenye unene wa kifundo cha mkono wa mtoto, likunje katikati, lifunge kwa kamba ya katani vidole vinne chini ya mkunjo, ukaze mpaka kamba ilie, halafu kata ncha zilingane. Mkunjo ndio mpini, ncha ndizo nywele. Ikiwa kavu ni ngumu kama ufagio. Ikiingia maji hulegea kiasi cha kuondoa ugali ulioganda bila kuchubua sahani. Sharti lake ni moja: baada ya kazi itundikwe msumarini, ncha zikitazama chini, ikauke. Ukiiacha ndani ya beseni la maji itaota ukungu na kunuka, na hapo usiilaumu katani.

Ya pili ni dodoki. Hili halihitaji kiwanda wala duka, linahitaji ua. Kwangu limepanda uzio wa matete kwa upande wa jua, nami naliacha litungike hadi ganda ligeuke kahawia na mbegu zisikike zikicheza ndani ukilitikisa. Ganda humenywa kwa vidole, mbegu nyeusi humwagwa na kutunzwa, na kilichobaki hukatwa vipande vya urefu wa kiganja. Kipande kimoja hunitosha majuma matatu au manne kwa glasi, vikombe na sahani. Kikilegea kabisa, kinakwenda chini ya mgomba, wala sihitaji kukumbuka kwamba niliwahi kukitupa. Sponji la dukani, kwa upande wake, linamomonyoka kidogo kidogo, na chembe zake zinakwenda na maji machafu kabla hata lenyewe halijafika shimoni.

Ya tatu ni makumbi ya nazi, na hapo sitakaa sana kwa sababu kila aliyezaliwa pwani anayajua. Nitasema tu kwamba kumbi la kusugulia sakafu ya jikoni na kinu halina mfano, na kwamba wanawake wa Jambiani, Unguja, wanaofukia makumbi ufukweni miezi mingi kisha kuyatwanga wapate nyuzi za kamba, wana ujuzi ambao ungetosha kutupatia brashi za kila aina kama tungewaendea na oda badala ya kamera.

Sasa nije kwenye sufuria, ambako ndiko tunakoharibu zaidi, na mara nyingi tunaharibu kwa kusifiwa. Nchini kwetu mwanamke hupimwa kwa mng'aro wa sufuria zake. Nimeona mabinti wakizisugua nje na ndani kwa mchanga, majivu na stili waya mpaka ukaweza kujitazama kama kiooni, na mimi mwenyewe nimewahi kumpa alama nyingi mwanafunzi kwa kosa hilohilo. Sufuria hizo nyingi ni za alumini, na alumini inajikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi unaojiunda juu yake yenyewe. Kila mng'aro wa stili waya huuondoa utando huo pamoja na chuma kidogo, sufuria hukonda mwaka hadi mwaka, na siku moja inatoboka, tukaenda kununua nyingine. Basi huo usafi wa kila siku ndio unaotuzalishia taka.

Magadi nayo yana kosa lao. Tunayatia kwenye maharage na kisamvu ili viive upesi, na kwa hilo siwalaumu, kuni na mkaa ni ghali. Lakini magadi ni alkali, na alkali huula ule utando. Ndiyo sababu sufuria iliyopikiwa maharage ya magadi hugeuka nyeusi ndani. Majivu yana tabia hiyohiyo. Ukwaju, ndimu na nyanya hufanya kazi yao kwa njia ya uchachu, hasa mchuzi ukilala ndani ya sufuria hadi asubuhi. Vyakula hivyo ndivyo vilivyokuwa haki ya chungu, na chungu bado kinafinyangwa Upareni, na kwa Wakisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, kwa udongo mtupu. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'arisha kisioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kinainywa na kukurudishia kwenye mchuzi. Maji ya moto na dodoki vinatosha. Tena, anayenunua sufuria nzito za kusubu aulize zimetoka kwenye chuma gani, kwa maana zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila namna zinaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi kwa ubongo wa mtoto haina kiasi kilicho salama.

Wapishi wa kuni watasema masizi hayatoki bila stili waya. Yanatoka, mradi uanze kabla ya moto. Paka sehemu ya nje ya sufuria sabuni ya mche iliyolainishwa kwa maji, au udongo mwembamba, kabla ya kuiinjika. Masizi yatashika juu ya sabuni badala ya chuma, na baada ya kupika yatatoka kwa kitambaa. Bibi yangu alitumia udongo, mimi natumia sabuni, na tofauti yetu ni ya kizazi tu. Ukoko nao haupigwi vita. Umwagie maji, uutie chumvi kidogo, rudisha sufuria motoni ichemke, iache ipoe, ukoko utajivua wenyewe. Kama wapo watoto nyumbani, ukoko hauna haja ya kufikia hatua hiyo.

Wanaokatakata mafenesi, na sisi tulio chini ya milima ya Amani tunayapata mengi, wanajua ulimbo wake unavyokishika kisu. Nimemwona jirani akikisugua kisu hicho kwa stili waya na sabuni ya unga nusu kopo, ulimbo haujali. Ulimbo huyeyushwa na mafuta. Tone la mafuta ya kupikia juu ya kitambaa, pangusa, kisha sabuni kidogo ya kuondoa mafuta hayo, kazi imekwisha. Ganda bichi la chungwa hufanya kazi hiyohiyo kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani yake, na Muheza kwa maganda ya machungwa hatuna upungufu.

Niseme kidogo juu ya kitambaa. Badala ya taulo za karatasi ambazo zimeanza kuingia hata kwenye nyumba zenye kipato cha kawaida, kanga iliyochakaa haina kifani, kwa kuwa ni pamba iliyofuliwa mara mia na sasa inanyonya maji kama udongo wa kiangazi. Yangu ya kufutia vyombo imebakiwa na maneno mawili pembeni, "wema hauozi". Naikubali hekima hiyo, ila natumaini kanga yenyewe itaoza.

Liko jambo moja ambalo mama lishe watanikasirikia nikilitaja. Wali ukikaribia kuiva, wengi wetu tunaufunika kwa mfuko wa nailoni, halafu mfuniko juu, ili mvuke usitoke. Zamani ulikuwa mfuko wa rambo. Baada ya marufuku tunatumia vile vifungashio vyeupe vinavyopitisha mwanga. Mfuko ule haukutengenezwa kwa ajili ya joto la chungu kinachochemka. Unalegea, unanata, na mvuke unaogusa plastiki unadondoka kwenye wali tunaowalisha watu. Jani la mgomba lilifanya kazi hiyo kabla plastiki haijazaliwa, linakaza mvuke vilevile, linaongeza na harufu. Lipitishe juu ya moto kwanza ili lisipasuke. Kwa chakula kilichokwisha kupakuliwa, kawa la ukindu lililosukwa vizuri linazuia nzi kuliko karatasi yoyote ya plastiki, na likitunzwa linadumu miaka.

Katika sabuni nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu hapo mapenzi yetu kwa vitu vya asili na vya nyumbani yanaweza kutudanganya. Sabuni ya mche naipendekeza kwa moyo mmoja: ni mafuta na magadi makali yaliyokwisha kuungana, haina chupa, kifungashio chake ni karatasi au hakuna kabisa, na mche mmoja ukikatwa vipande na kukaushwa juani siku kadhaa hudumu zaidi kuliko ukitumiwa ukiwa laini. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa ndani ya chupa zilizotumika ina faida ya kupunguza chupa mpya, nami nawaunga mkono akina mama wanaojipatia kipato kwayo. Hata hivyo wapo wanaotia fomalini ili isiharibike, kemikali ambayo haifai kukaa kwenye mikono ya mtu wala kwenye kijiko cha mtoto, na wapo wanaoiuza ndani ya chupa ya soda bila kibandiko, rangi ya chungwa, juu ya rafu ambayo mtoto wa miaka mitatu anaifikia. Kuandika neno "sabuni" kwa kalamu ya wino mzito hakugharimu kitu.

Majivu yanang'arisha vyombo kwa sababu yana alkali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni hapohapo juu ya sahani, mababu hawakukosea. Walakini majivu yao yalitoka kwenye kuni. Ya kwetu mara nyingi yanatoka kwenye jiko la mkaa lililowashwa kwa kipande cha nailoni, na majivu ya namna hiyo hayafai kusugulia sahani. Dele la shaba nalisafisha kwa ukwaju uliokwisha kukamuliwa, na makapi yake yanatosha. Ila ndimu, siki na ukwaju visikutanishwe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia, ile ambayo wengi tunaiita jiki hata kama kampuni ni nyingine: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na jikoni kwenye dirisha moja dogo gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu. Nimewahi kumtoa mwanafunzi nje akikohoa machozi yakimtoka, naye alidhani anasafisha maradufu.

Maji tunayomwaga hayapotei. Mji wa Tanga unakunywa maji ya Mto Zigi yaliyokusanywa katika bwawa la Mabayani, na mto huo unashuka kutoka milima ya Amani ukipitia vijiji vya wilaya yetu. Anayeoshea vyombo mtoni huku juu kwa sabuni ya unga anamchafulia maji mtu wa mjini asiyemjua. Beseni, maji ya kipimo, na kumwaga mbali na mto, kwenye udongo, ni adabu tu ya jirani.

Basi, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania liwadai wanaobandika maneno "rafiki wa mazingira" waandike chini yake, kwa Kiswahili, kifaa kimetengenezwa kwa kitu gani kuanzia mpini hadi nywele, ili mtu kama mimi asilazimike kuvaa miwani na kubishana na kijana wa watu. Pili, wenye mashine za mkonge waiuze ile katani fupi kwa kilo ndogo ndogo, kwa wanawake na vijana wanaoweza kufunga brashi majumbani, pasipo kumtaka mtu anunue robota zima. Bodi ya Mkonge iko hapohapo Tanga, vyuo vya ufundi vipo, na kituo cha utafiti cha Mlingano kiko wilayani kwetu; hakuna anayehitaji kupanda ndege kwa ajili ya jambo hili.

Mimi nimeanza na nilichonacho. Brashi niliyoifunga kabla ya Ramadhani iliyopita bado inaning'inia msumarini, imefupika kidogo tu. Nimefunga nyingine tano, nikampelekea mwuza mboga mmoja hapa sokoni Muheza, aziweke karibu na mafungu yake ya mchicha kwa shilingi 1,000 kila moja. Tatu zimenunuliwa na mama lishe, na mmoja wao amerudi kulalamika kwamba nywele ni ndefu mno kwa vikombe, malalamiko ambayo ni ya haki na nimekwisha kuyafanyia kazi. Zimebaki mbili, na katani yangu imekwisha. Mwenye shamba anayesoma barua hii na kuwa na katani fupi iliyorundikwa nje ya mashine yake, nitashukuru akiniandikia kupitia gazeti lako kunitajia bei ya kilo tano.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Muheza, Tanga.